Ukuta Uliogonga Mkumbara

Ukuta ulikuwa unagonga.

Siyo usiku, ndugu zangu. Adhuhuri, jua utosini, mafundi wametulia wanakula, ndipo unasikia ngo... ngo... ngo... kana kwamba kuna mtu upande wa pili anaomba afunguliwe.

Sikusimuliwa na mtu. Mimi Faudhia ndiye niliyekuwa nawapikia mafundi pale, na mume wangu, Sadala, ndiye aliyekuwa fundi mkuu.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la mkonge, Mkumbara, la tangu enzi za Mjerumani. Ilikuwa miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili, mashamba ya mkonge na maghala yake yanauzwa kwa watu binafsi, na kila mwenye chochote anataka aitwe mwekezaji. Mzee Semboja akalinunua. Alitaka ukumbi wa harusi.

Huyu mzee alikuwa na hamu ya kufanikiwa mpaka inatisha. Watu walisema ni damu yao. Kaka yake, Eliasi, alitorokea Mombasa kutafuta utajiri miaka mingi nyuma na hakurudi tena. Mama yao, bibi Josefina, hakutaka hata jina la huyo mtoto litajwe nyumbani kwake.

Basi ukuta wa mwisho, upande wa mlimani, ukawa unagonga kila siku ya jua. Mafundi wawili wakaacha kazi. Wakasema ni jini. Mimi nikawa nahamisha sufuria zangu mbali kidogo kidogo, maana uoga wangu sijawahi kuuficha.

Ndipo akaja Naanyu.

Binti wa Kimasai kutoka Handeni, baba yake mfugaji, yeye injinia. Alikuja na kompyuta begani na tepu mkononi. Akapima kila kitu, ndani na nje.

"Injinia," Sadala akamtania, "kwenu ng'ombe mnawapima kwa macho, huku unapima mpaka vumbi?"

Akacheka tu, akaendelea kupima.

Alipomaliza akatuita mimi, Sadala na mzee Semboja. Aisee! Ghala zima lilikuwa mle ndani ya kompyuta. Analizungusha, analifunua paa kama anafunua chungu.

"Hii siyo ramani ya mistari," akasema. "Hili ni jengo lenyewe. Kila ukuta una habari zake: wa mawe au wa tofali, mnene kiasi gani, umebeba nini. Ukiugusa mmoja, unaona kitakachotokea kwa nyingine na kwa paa. Fundi wa paa, wa maji, wa umeme, wote tunaangalia kitu kimoja kabla mtu hajainua nyundo."

Kisha tabasamu likamfutika usoni.

"Ila vipimo vya nje na vya ndani vinagombana. Nyuma ya ukuta ule kuna nafasi. Mtu anaweza kusimama mle."

Nilimwaza yule anayegonga.

Mzee Semboja yeye macho yakawaka. Mnatujua watu wa huku. Tutajie chumba kilichozibwa kwenye jengo la Mjerumani, hatuulizi tena. Kuanzia Korogwe mpaka Handeni watu wamechimba mpaka vyoo wakitafuta mali za Mjerumani.

"Ni dhahabu," akanong'ona. "Sadala, bomoa!"

"Mzee, subiri kwanza." Naanyu akauondoa ukuta ule kwenye kompyuta. Boriti mbili zikawa nyekundu, na nusu ya paa nayo nyekundu. "Unaona? Zimekaa juu ya huu tu. Tuziegemeze kwa mirunda, miti minene ya kusimamisha, hapa, hapa na hapa. Bila hivyo, atakayebomoa hatoki."

"Kompyuta yako ni mwoga, binti yangu."

Naanyu akaenda Korogwe mjini kutafuta miti ya kuegemeza. Gari lake halijapotea machoni, mzee akamvuta Sadala pembeni, karibu na jiko langu. Nikasikia yote. Amalize kabla binti hajarudi, na chochote kitakachotoka atapata fungu lake.

Na mume wangu, mtu niliyemzalia mtoto, akachukua nyundo.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Nikauegemea ule ukuta kwa mgongo. Ilikuwa adhuhuri, na ukaanza kugonga. Ngo... ngo... Niliusikia mpaka kwenye mbavu.

"Mama Amne, toka hapo."

"Sitoki. Anza na mimi."

"Unanitia aibu mbele za watu!"

"Aibu utaiona ukiwa hai. Ule wekundu uliuona, Baba Amne. Uliuona kwa macho yako!"

Sadala alinitazama, akautazama ukuta. Akaishusha nyundo chini.

"Mzee," akasema, "tumsubiri injinia."

Semboja alitutukana sote, lakini fundi mwingine wa kuthubutu hakumpata.

Naanyu akarudi na lori la mirunda. Ikasimamishwa palepale kompyuta iliposema. Sadala akapiga. Mawe ya mwanzo yalipotoka, paa likaguna, likashuka kiasi cha kiganja, na vumbi likatufunika. Nikapiga yowe kwa jina lake.

Vumbi lilipotulia, mirunda ilikuwa imesimama, na mume wangu yuko chini yake, mzima, mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Nililia, wala sikujali nani ananitazama.

Naanyu akamulika ndani. Ncha ya boriti moja ilikuwa imevunjika zamani. Bati likipata joto la adhuhuri, ilikuwa inacheza na kugonga jiwe. Jini letu ndilo hilo.

Dhahabu haikuwepo. Kulikuwa na kifusi.

"Kuna mtu alishabomoa ukuta wa zamani wa ndani hapa," Naanyu akasema taratibu. "Boriti ikashuka na mawe. Wenye shamba wakaja kujenga huu mpya mbele yake, wakakiacha kifusi kama kilivyo."

Mzee Semboja hakumsikiliza. Aliingia akafukua kwa mikono, akatoa sururu. Mpini wake ulikuwa na alama ya nyota iliyochomwa kwa moto.

Akakaa chini.

"Hii ni ya baba," akasema. "Eliasi aliondoka nayo."

Chini ya mawe palikuwa na mifupa. Eliasi hakufika Mombasa; alikuwa amekuja kuitafuta dhahabu hiyohiyo.

Jioni ile Semboja aliibeba ile sururu mpaka kwa mama yake, nasi tukamfuata nyuma. Bibi Josefina akaipapasa alama ya nyota kwa kidole, akaipapasa tena.

"Kumbe mwanangu hakunikimbia," akasema.

Ukumbi upo mpaka leo na harusi zinachezwa. Wewe unayejenga, ukiambiwa na anayejua kwamba paa litashuka, usimwite mwoga. Weka mirunda kwanza. Sadala wangu alionyeshwa ule wekundu. Eliasi hakuwa na wa kumwonyesha.