Kisima cha Mtani

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mvua, Ngone Ndiaye, mpimaji wa idara ya maji, hufika kijiji cha Mboro kupima maji ya kisima cha Masamba Diop, katikati ya shamba la vitunguu. Mwaka huu ni wa kumi na tisa. Kazi yenyewe haina makuu: huteka, huchovya kikaratasi, husoma rangi, huandika namba yake daftarini. Kadiri mbolea ya chumvichumvi inavyozama ardhini, ndivyo kikaratasi kinavyozidi kuiva wekundu. Wauza mbolea hufika hapa kila mwezi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akachungulia kisima.

Akina Ndiaye na akina Diop ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo salamu zao ni matusi. Masamba alimwita mtumwa wake aliyechelewa kazini. Ngone akauliza kama akina Diop wamebakiza wali wowote kijijini. Kisha Masamba akamkabidhi chupa iliyokwisha kujazwa, imeviringishwa kitambaa chenye maji ili ipoe. Alishamtekea, akasema, yeye apumzike tu.

Ngone akachovya. Kikaratasi kikabaki cheupe pe. Moyo ukamruka: maji yamepona! Akainusa chupa. Ikanuka dawa ya kusafishia maji ya bomba.

"Diop, haya ni maji ya mjini."

"Sasa nimpe mgeni maji mabaya? Mimi nimekosa malezi?"

Hapo Masamba hakuwa akitania. Ngone akakaa ukingoni mwa kisima, akamweleza polepole kwamba namba moja ya uongo inatosha kuua kumi na nane za kweli. Wakubwa wake wataona kisima kimepona, wataifuta alama nyekundu inayokataza watoto wachanga kunyweshwa maji yake, na mjukuu wa Masamba aliyezaliwa juzi atakorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayohayo yenye sumu ya mbolea.

Masamba akasogea kisimani. Akashika kamba, akateka mwenyewe.

Safari hii kikaratasi kiliiva kuliko miaka yote. Masamba akaomba daftari, akashuka na kidole mwaka hadi mwaka.

"Yote haya nimetia mimi?"

"Wewe na majirani. Ila wewe ndiye mlafi wao."

Masamba akalifunga daftari. Akaapa kwamba msimu ujao atatia nusu ya mbolea. Ngone akaandika namba ya mwaka kwa wino. Ahadi ya Diop akaiandika pembeni, kwa penseli.