Shikamoo ya Redioni

Juzi nilipita kwa fundi redio pale Bunda, harufu ya lehemu ikanisimamisha. Utotoni, mama mdogo, mwalimu wa fizikia, alijitengenezea kirusha mawimbi kidogo nyumbani kwetu Kiriba. Alipokiwasha, redio ya bibi kule jikoni iliacha kukwaruza, ikanyamaza kabisa.

“Wimbi limefika, ila halina kitu,” aliniambia. “Ongea sasa. Sauti yako italipandisha na kulishusha, na redio itasikia huko kupanda na kushuka.”

Nikaisogelea maikrofoni. “Bibi, shikamoo!”

Mara bibi akatoka mbio, redio kifuani, mwiko mkononi. “Marahaba, mjukuu wangu! Kumbe na wewe unasemaga redioni!”

Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.