Mteremko wa Dada Boke

Dada yangu Boke ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, upande wa Gorong'a. Anatumia kiti cha magurudumu, na ofisi ya kijiji ina ngazi nne mlangoni. Kila kikao vijana humbeba hadi ndani kama gunia la mahindi. "Wakinibeba tena msimu ujao, mura, najiuzulu," aliniambia, akiniita "kijana" kwa Kikurya chetu. "Mtu aliyeingizwa kama mzigo hasikilizwi." Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Uholanzi kusomea mambo ya watu wenye ulemavu, nikamwahidi nitarudi na dawa. Niliongea kama mtu ambaye tayari ana digrii.

Asubuhi ya safari nilitoka Nkende, nilikolala, nikavuka mpaka wa Kenya pale Sirari na kupanda basi la Nairobi kwenda kushika ndege. Begini nilikuwa na makoti matatu ya mtumba na daftari nililoliandika juu "Ushauri Wangu kwa Wazungu". Halikupata kuzidi ukurasa mmoja.

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, Uholanzi. Mwenyeji wangu, Anneke, mama wa makamo, aliongoza ofisi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu, na yeye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu. Tulipofika darajani, penye mwinuko, nilidaka kiti chake kwa nyuma nikasukuma kwa nguvu zote za Kikurya. Kwetu, kumtazama mtu mzima akihangaika ni kukosa adabu. Anneke akafunga breki, nikajigonga tumbo.

"Nimekuomba?" aliniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko breki.

"Hapana, mama."

"Basi uliza kwanza. Halafu subiri jibu."

Miezi iliyofuata nilibeba mafaili kwenye vikao ambako wenye ulemavu wenyewe ndio walioamua kila kitu. Maneno ya Anneke niliyaandika daftarini, nikayapigia mstari mara mbili. Niliamini nimeelewa.

Niliporudi Gorong'a, Boke alikuwa Tarime mjini kwa siku mbili, kiti chake kikitengenezwa kwa fundi. Nikaona nimshangaze. Niliitisha risaga, ile kazi ambayo majirani huja kumsaidia mmoja naye akawalisha. Nikanunua saruji, nikachinja mbuzi. Kufikia saa kumi alasiri mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu ulikuwa tayari, laini, wa kipimo cha Uholanzi. Tuliuweka kwenye mlango wa nyuma wa ofisi ya kijiji, maana huko ardhi ilikuwa imeinuka na kazi ilikuwa nyepesi.

Kesho yake Boke akafika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umejenga vizuri." Akautazama kwa muda mrefu. "Mwenyekiti anaingilia wapi?"

"Mbele."

"Na wajumbe wengine?"

"Mbele."

"Na mimi?"

Nikaonyesha nyuma kwa kidole.

"Huko ulikosoma, mura, hawakukufundisha kuuliza?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa nimevuka bahari kujifunza jambo moja, na hilo moja nililisahau nikiwa nachanganya saruji.

Wiki iliyofuata tukaitisha risaga ya pili, ya mteremko wa mlango wa mbele. Boke alikaa mbele ya ofisi akielekeza kwa fimbo, mimi nikabeba mchanga. Maoni yangu yalitakiwa mara moja tu, kuhusu chumvi ya mchuzi. Mteremko wa nyuma sasa unatumiwa na mbuzi, na hawajalalamika.

Siku ya kikao Boke alipanda kwa mlango wa mbele. Katikati ya mteremko akasimamisha kiti apumzike. Mikono ikaniwasha.

"Nikusaidie, dada?"

"Hapana."

Nikasubiri. Akapumua, akamalizia mwenyewe hadi ndani.

Mwenyekiti akanikaribisha kama mgeni niseme neno. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili kuhusu haki za dada yangu. Nikasimama.

"Mwita, kaa," Boke akasema. "Mjumbe ni mimi."

Nikakaa. Nilitegemea ataanza na ulemavu. Akaanza na ng'ombe wa mwenyekiti wanaoingia kwenye mahindi ya watu. Mwenyekiti akainuka kujitetea, wajumbe wawili wakambishia Boke, naye akawajibu mmoja mmoja. Walibishana naye hadi saa nane mchana, na hakuna aliyemwonea huruma.