Bibi Aliyetaka Mboga Tu

Kama kuna wa kulaumiwa katika habari hii ni mimi, Lukresia mama Clementi, kwa sababu barua niliisoma mimi. Fatu hakujua kusoma. Alijua kupika, na kwa kupika hakuna mwanamke wa Musoma wa miaka ile ya Mwingereza aliyemfikia. Anayebisha aje tubishane.

Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete tu. Mumewe, Hamduni, alikuwa seremala, mtu wa Bagamoyo aliyekuja bara kijana akanogewa. Fatu alizaliwa hapa hapa, baba yake mfanyabiashara wa ngozi, mama yake Mjita. Kila Ijumaa alipanga chakula cha wiki nzima. Alikuwa na vibakuli saba vya udongo kwenye kichanja cha jikoni, na katika kila kimoja aliweka alama ya siku yake: karanga chache kama siku hiyo ni mchuzi wa karanga, au punje za choroko, au kipande cha furu, kale kasamaki ka ziwani, kakavu. Kibakuli kikiwa kitupu, basi siku hiyo bado hajaiamua, na usimsogelee. Mume, mtoto, mafundi wawili, na mimi niliyekuwa naingia kila saa sita kwa kisingizio cha kuomba moto, wote tulishiba.

Mwaka wa hamsini na mbili, Hamduni akiwa Bunda anaezeka duka la mtu kule Nyasura, ikaja barua ya mama yake, Bibi Mwanaupe. Fatu akaniletea. Nikaisoma kwa sauti, kama masista walivyonifundisha. Bibi alikuwa anakuja kwa gari moshi hadi Mwanza, kisha kwa meli. Meli itakayofuata, siku ya Alhamisi, angerudi nayo pamoja na mjukuu wake Mwanaharusi, akamlee Bagamoyo, maana mjukuu wa kwanza ni wa bibi. Mwishoni aliandika: "Wala msihangaike na mapishi. Siku hizi nakula mboga tu."

Fatu alikaa chini palepale uani. Mwanaharusi alikuwa na miaka sita, na katika watoto watatu aliozaa ndiye pekee aliyembakia.

"Hamduni hawezi kumkatalia mama yake," alisema. "Mama akisema, amesema."

Alipangusa macho. Kisha akanisukumia tena ile barua.

"Labda akiona hii nyumba inakula vizuri, atamwacha mtoto. Hebu soma tena pale mwisho, mama Clementi."

Nikasoma.

"Mboga tu? Bila ugali?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Wala wali?"

"Mboga tu, mama Mwanaharusi. Mimi siongezi."

Huku kwetu chochote kinachoteremsha ugali ni mboga. Sato ni mboga, mbuzi ni mboga, hata maziwa ni mboga. Haikutupitia kichwani kwamba kuna watu wanaosema vingine. Tulichoelewa ni kwamba mama huyu wa pwani anakula samaki na nyama vitupu, na kwamba pale aliposema tusihangaike alikuwa anatupima.

"Atatumaliza," alisema Fatu, na akainuka kwenda kwenye vibakuli vyake.

Alivimwaga vyote saba akapanga upya. Mimi nikatuma Mugango kwa kaka yangu Masatu, akaleta sato wanne wakubwa. Jogoo alitoka Butiama pamoja na chupa ya samli. Mbuzi alitoka Bugwema kwa miguu yake mwenyewe, akipiga kelele njia nzima.

Bibi Mwanaupe aliteremka kwenye meli siku ya Jumamosi, mwembamba, mpole, na baibui lake limejaa vumbi la safari. Shikamoo, marahaba, akamkumbatia mtoto na hakumwachia mpaka nyumbani. Fatu aliliona hilo, akaenda moja kwa moja jikoni.

Mchana alimwekea sinia: sato wawili katika mchuzi mzito wa karanga. Hakuna kingine. Bibi alinawa, akatazama sinia, akatazama mlango wa jikoni, akangoja. Akangoja tena. Mwishowe akasema bismillahi akaanza kumega samaki kwa vidole. Sisi tulikuwa tunachungulia.

"Umeona?" nilimnong'oneza Fatu. "Anakulaga mboga tupu kweli."

Jumapili alipewa jogoo mzima. Jumatatu mbuzi wa samli, bakuli mbili. Kila mara alingoja, akatazama mlango, akala kidogo, akashukuru. Aibu ya ugeni ilimfunga mdomo. Sisi tukadhani chakula hakijamridhisha, kwa hiyo kesho yake Fatu akaongeza nyama.

Jumanne Bibi hakutoka chumbani asubuhi. Tumbo. Fatu alinijia amekauka uso.

"Amekasirika," alisema. "Keshokutwa anaondoka na mwanangu. Nimepika mpaka nimechoka, Lukresia, sijui tena nipike nini."

Nilijisikia vibaya sana, ingawa sikujua bado kosa ni langu. Saa sita tukakaa jikoni na Mwanaharusi tule chetu, ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyoungwa karanga. Hakuna aliyekuwa na hamu. Ndipo mlango ukaingia giza. Bibi alikuwa amesimama pale, anatazama kile kibakuli cha kunde.

"Kumbe mboga mnazo!"

Fatu aliruka kusimama. "Mama, mboga si nimekuletea? Jana mbuzi, juzi jogoo."

"Mbuzi ndiyo mboga?"

"Sasa ni nini, mama?"

"Mbuzi kitoweo, mwanangu. Mboga ni haya majani."

"Haya nayo ni mboga," alisema Fatu, "lakini mgeni unampaga majani? Watu si watatucheka?"

"Na ugali je? Siku tatu nangoja hata tonge moja."

"Uliandika mboga tu!" nilidakia mimi, kwa ukali, kana kwamba barua niliiandika mwenyewe.

Bibi alinitazama, akamtazama Fatu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda na kushika ubavu. Mimi nikacheka naye. Mwanaharusi akacheka bila kujua anacheka nini. Fatu peke yake hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, utamchukua?" aliuliza. "Niambie tu. Mimi sina mwingine."

Kicheko kikaisha. Bibi alinawa mikono, akavuta ugali karibu, akamega, akachovya kwenye kunde, akala. Akamega tena. Tulimwacha ale. Tonge la tatu aliliviringa viganjani muda mrefu.

"Msidhani nakula majani kwa ugonjwa wa tumbo," alisema. "Limeanza kuuma hapa, kwa mbuzi wenu. Niliandika vile kwa aibu tu. Tangu baba yake Hamduni afariki, sipiki. Nachemsha mchicha, nakula nimesimama, nafunika. Utapika nini kwa mtu mmoja?" Akamtazama Mwanaharusi. "Nilisema nikipata mtoto, nitakuwa na wa kumpikia."

Nilimwonea huruma. Fatu pia. Alijua kabisa kwamba kama ni yeye aliyesimama peke yake na sufuria ya mchicha, naye angeandikisha barua ileile.

Akaongeza ugali kwenye sahani ya Bibi, akasogeza na kunde zote zilizobaki.

Alhamisi meli ya kumrudisha Bibi ilipiga honi mara mbili. Mimi nilikuwa nimeingia kuomba moto. Bibi alikuwa jikoni, amejifunga kanga kiunoni, analalamika kwamba nchi isiyo na nazi si nchi. Honi ilipolia mara ya pili aliisikiliza mpaka ikapotea ziwani. Kisha akamgeukia Fatu, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba ruhusa:

"Kesho tunakula nini?"

Fatu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwachia mtu yeyote swali hilo, aliteremsha vibakuli vyote saba vikiwa vitupu, akaviweka mbele yake.

"Sema wewe, mama."