Hitima ya Babu Aliye Hai

Nimewahi kumuua babu yangu kwa ulimi, na nilifanya hivyo siku ya pili tu tangu nifike Jeddah.

Nilikuwa nimetoka Unguja kwenda kufanya kazi za ndani mtaa wa Baghdadiya, katika nyumba ya bibi mmoja wa Kizanzibari. Yeye aliyakimbia Mapinduzi ya sitini na nne akiwa mwari, baada ya baba yake kuuawa. Nikajiona nimebahatika, nimekwenda Uarabuni nikaangukia kwa watu wa kwetu. Bibi alinimiminia kahawa, akaniuliza kwa upole, "Na nyinyi, mwanangu, mlikuwa upande gani?"

Ikama, kibali changu cha kukaa, ilikuwa haijatoka. Pasipoti ilikuwa Riyadh, kabatini kwa mwanawe, ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali hicho. Na babu yangu alikuwa Bumbwini, buheri wa afya. Kila Januari hakosi kuvaa shati lake la sherehe akaenda kukaa viti vya mbele, kwa sababu siku ile ya Mapinduzi naye alikuwamo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mdogo, alinibeba begani kwenda kuangalia gwaride.

"Upande wenu, Bibi," nikasema. "Babu yangu walimuua."

Hayo ya babu hata sikuulizwa. Niliyaongeza kwa kiherehere changu. Bibi alilia, akanikumbatia, nami nikajiona mjanja kweli.

Ujanja ukanitokea puani Januari, siku ya Mapinduzi. Bibi alikuwa akiwasomea hitima waliouawa, kimyakimya, madirisha yamefungwa, maana majirani wa kule huona kuwasomea wafu ni bidaa. Akanifuata jikoni na karatasi. "Mtaje babu yako, tumsomee na wenzake." Nikamtaja. Basi miaka mitatu mfululizo babu alirehemiwa pamoja na watu aliosaidia kuwapindua, na jioni yake hunipigia simu kunihadithia gwaride lilivyopendeza. Mimi naitikia "ehe, ehe" huku nakwangua ukoko wa biriani ya hitima yake. Sijapata kuona maiti mwenye maneno mengi vile.

Mwaka wa nne akapiga mama. Babu amefariki, usingizini, kitandani kwake. Nilipokea msiba nimeshika ufagio, nikaendelea kufagia. Ningeomba ruhusa ya kumlilia nani? Katika nyumba ile alikuwa kaburini tangu sitini na nne.

Hitima iliyofuata, jina lake liliposomwa, nililia mpaka kamasi. Bibi akaja jikoni, akaniketisha, akanipangusa uso kwa pindo la kanga yake.

"Una mapenzi, mwanangu," akasema. "Babu hukuwahi hata kumwona, na unamlilia hivi. Pole."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua.

"Ndiyo, Bibi," nikasema, nikaanza kulia upya, maana katika Jeddah nzima ni yeye peke yake aliyenipa pole ya babu yangu.