Kanisa Litakuwa Wapi Siku Hiyo

Jumapili moja pasta wetu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alifundisha kwamba kanisa halitaiona dhiki kuu. Alisema kwamba kabla dunia haijaharibika kabisa, Bwana atawanyakua walio wake, na watakaobaki ndio watakaoteseka. Kazi ya kanisa katika siku hizi za mwisho, alisema, ni moja tu: kukaa tayari. Sote tuliitika "Amina". Mimi niliitika kwa sauti kubwa, maana nilikuwa nimekwisha kukimbia vita, nimelala porini, nimezika, na kusikia kwamba kuna mateso ambayo hayatanihusu kulikuwa kutamu sana masikioni mwangu.

Jioni ile ile dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, akanipigia simu kutoka Kawale, Lilongwe, alikokuwa anaishi na watoto wake na kuuza mitumba, ile ambayo huku wanaiita kaunjika.

"Leo mwalimu wa kanisa letu alifundisha muzuri sana," akaniambia. "Alisema tusijidanganye. Kanisa litapita mule mule ndani ya dhiki. Njo kazi yetu: kupita pamoja na bantu, hapana kuruka juu yao."

"Yaya, sisi leo tumefundishwa kinyume chake."

"Basi mumoja wao hajasoma," akasema, akacheka.

Sikuweza kucheka. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa shule kule Bukavu, na alitulea kwa kanuni moja: swali likiwa na majibu mawili yanayopingana, moja ni kosa, na ukiona uvivu wa kulitafuta basi wewe mwenyewe ndiwe kosa. Mimi pia nilifundisha watoto wa darasa la pili kwa muda kabla ya kukimbia. Hapa kambini nashona nguo, cherehani yangu iko barazani karibu na soko, lakini kichwa changu kimebaki cha mwalimu. Kitu kisipoingia sawa, hakiniachi nilale.

Kwa hiyo nilipokwenda Lilongwe kununua nyuzi na vitambaa, nilikaa mpaka Jumapili ili nimsikie huyo mwalimu kwa masikio yangu. Kanisa lao lilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya maduka. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa Bukavu, aliyewahi kufundisha sekondari, na alihubiri kama mtu anayesahihisha mitihani. Siku hiyo alisimulia habari za Nuhu.

"Nuhu alikuwa wapi wakati mvua ilianza?" akauliza. "Alipelekwa mbinguni? Hapana. Alikuwa hapa hapa, ndani ya mvua, na kazi mkononi. Alikuwa analisha wanyama."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki nimeshika kidevu, kwa sababu mwezi ule ule pasta wetu alikuwa ametumia Nuhu huyo huyo kuthibitisha kwamba kanisa litaokolewa kabla.

Niliporudi Dzaleka nilimwendea pasta. Alikuwa mzee wa Fizi, mkulima tangu utotoni, na hata kambini alikuwa amepata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake akapanda mihogo. Nilimkuta akipalilia. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaegemea jembe.

"Mama, nikuulize. Nuhu alilowa?"

"Hapana, Pasta."

"Haya. Mlango ulifungwa, tone moja halikumufikia. Sasa huyo mwalimu wa mujini anataka tulowe sababu gani?"

Nikaondoka nikiwa nimeridhika. Nilifika kwenye kona ya kisima nikawa siridhiki tena. Ni kweli Nuhu hakulowa. Na ni kweli alikuwa ndani ya mvua. Wote wawili walikuwa wamesema kweli juu ya mtu mmoja, na bado niliambiwa nichague.

Wakati huo akina mama wa kanisa walikuwa wamenipa kazi. Lilikuwa limepangwa juma zima la maombi, juma la kumngoja Bwana, na walitaka kila mwimbaji wa kwaya awe na kanzu nyeupe. Walichanga kwa muda mrefu, wengine kwa kuuza maandazi, wengine kwa kulima mashamba ya watu vijijini, mpaka tukapata majora ya kitambaa cheupe kizuri, kizito, kisichoonyesha ndani. Niliyaweka ndani juu ya kitanda, nikalala kwenye mkeka ili yasichafuke. Nilikuwa nimeanza kupima mabega ya watu.

Ndipo likaja tangazo la serikali kwamba wakimbizi wanaoishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Mwanzoni hatukuamini. Tangazo la namna hiyo lilikuwa limewahi kuja likapita. Lakini safari hii malori yalianza kuingia, na watu wakashuka na magodoro, masufuria, mbao za mabanda ya maduka yaliyobomolewa, kuku. Siku ya tatu au ya nne nikamwona dada yangu amekaa juu ya furushi la kaunjika kando ya barabara, watoto wamemzunguka. Hakuwa analia. Alikuwa anavunja njugu na kuwagawia watoto.

"Mdogo wangu," akasema aliponiona, "unaona? Nilikuambia tutapita mule."

Nilimchukua kwangu. Lakini wengine hawakuwa na ndugu. Nyumba zilijaa, na baada ya nyumba yakajaa makanisa. Kanisa letu nalo lilipokea familia nyingi kuliko nafasi iliyokuwamo. Walilala kati ya benchi na chini ya mimbari, na mama mmoja aliyetoka Area 18, mtaa mwingine wa Lilongwe, alijifungua pale pale tunapowekea vyombo vya meza ya Bwana.

Juma la maombi lilikuwa limebakiza siku chache tu. Wazee wa kanisa wakaitana, nami nikaitwa kwa sababu ya kanzu. Mzee mmoja akasema hizi ndizo hila za shetani, kwamba hatuwezi kuacha kumngoja Bwana kwa sababu ya wageni. Mwingine akasema wageni gani, hawa ni bandugu zetu. Sauti zikapanda. Pasta alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Mwisho akasema, "Tutaomba inje."

Basi tukaomba nje. Ndani watu wanasonga nsima, watoto wanalia, nje sisi tumesimama juani tunaimba juu ya siku ya kuondoka. Kwaya ilivaa nguo zake za kawaida, kwa kuwa kanzu zilikuwa bado. Siku ya pili dada yangu, aliyekuwa anasaidia kupika mle ndani, akatokea mlangoni na mwiko mkononi, usoni jasho tupu, akamwita pasta katikati ya maombi.

"Baba Pasta, samahani. Niulize tu. Hii iko dhiki, ama bado?"

Watu wakafumbua macho.

"Bado, mama."

"Bado?"

"Ile ya Maandiko itakuwa mubaya kuliko hii."

"Zikomo," dada yangu akasema, ndiyo asante ya huku, akarudi ndani. Sikujua kama alikuwa amemshukuru au amemkejeli. Nilimuuliza baadaye, akasema hata yeye hajui.

Siku ile ile alinifuata barazani. Alisema mle kanisani watu wanaona aibu. Mume na mke wanavua nguo mbele ya watu wasiowajua; yule aliyejifungua ananyonyesha akiwa ameuelekea ukuta. Wanahitaji mapazia. Kisha akatazama ndani, kitandani kwangu, mahali penye kitambaa cheupe.

"Hapana, Yaya," nikasema kabla hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Hiki ni cha kumpokea Bwana. Watu wamelima kwa ajili yake."

"Najua. Mi sisemi kitu."

Akaenda zake. Nikakaa kwenye cherehani na kanzu ya kwanza, na nikashindwa kukanyaga. Sindano ilikuwa imeshuka kwenye kitambaa, mguu haukwenda. Kama pasta alikuwa sahihi, kanisa ni bibi arusi, na bibi arusi anashonewa nguo. Kama mwalimu wa Kawale alikuwa sahihi, nguo za arusi zitangoja. Nilimtafuta bure baba yangu kichwani ili aniambie lipi ni kosa.

Nikakunja majora nikayabeba mpaka kwa pasta. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, viatu amevua. Nikamwambia haja ya dada yangu. Nilitumaini atakataa, ili niwe na mtu wa kumlaumu. Akakigusa kitambaa kwa vidole vyake vyenye udongo, kisha akakumbuka udongo na kuvirudisha haraka.

"Kata," akasema.

"Pasta?"

"Kata, mama. Bwana akikuya leo atatukuta na nguo ya kila siku. Atatufanyia nini?"

Tulikata mapazia usiku huo na kesho yake, dada yangu akishika, mimi nikipiga pindo. Akina mama wawili waliacha kunisalimia kwa majuma kadhaa. Mwingine alikuja akasema lake lilikuwa jasho la kupalilia mahindi ya watu, kisha akaketi akatusaidia kupiga pindo huku akinung'unika mpaka tulipomaliza. Kanisa likawa na vyumba vyeupe, na kila upepo ukipita vilijaa kama matumbo. Watoto waliona ni mchezo mzuri kabisa.

Nilidhani baada ya hapo pasta atabadilisha mafundisho. Ilionekana kwangu kwamba alikuwa ameamua. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama chini ya mti wa mpapai, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, na akafundisha kwa sauti ile ile kwamba kanisa halitaiona dhiki, litanyakuliwa kabla, kazi yetu ni kukaa tayari. Nyuma yake pazia langu lilikuwa linapepea dirishani. Nikamtazama dada yangu, na yeye akanitazama. Hakuwa na kejeli usoni. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi.

Mwaka uliofuata, familia nyingi zikiwa zimekwisha kujijengea vibanda na kanisa limerudi kuwa kanisa, jina la pasta likatoka katika orodha ya wakimbizi wanaopelekwa kuishi ng'ambo. Alikuwa amengoja kwenda nchi ya tatu kwa miaka mingi kiasi kwamba alikuwa ameacha kuulizia. Sasa akaambiwa ajiandae na mke wake. Siku ya kuondoka tulikwenda kuwasindikiza asubuhi pale basi linapowachukulia. Tuliimba. Aliyelia kuliko wote alikuwa dada yangu, ambaye hakuwahi kukubaliana naye hata siku moja.

Kabla ya kupanda, pasta alinivuta pembeni.

"Mama, ule mwalimu wa Kawale, nasikia naye iko hapa kambini."

"Yuko, Pasta. Anafundisha watoto kule chini."

"Mumusalimie." Basi lilikuwa linanguruma. "Mi nilifundisha vile nilifundishwa. Lakini ile siku ya kitambaa, mi sikufikiria mafundisho. Nilifikiria tu ule mama anaangalia ukuta."

"Kwa hiyo lipi ni kweli, Pasta?"

Akafungua mdomo, lakini mke wake alikuwa amekwisha kukaa na anamwita dirishani. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda. Vumbi la basi likatufunika, tukabaki tumesimama. Mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Mumoja anatwaliwa, mwingine anaachwa." Sikujua alikuwa anafanya mzaha, au anafundisha, au anaumia.

Baada ya pasta kuondoka, kundi liligawanyika. Wengine walimtaka mwalimu wa Kawale aongoze. Wengine wakasema akiongoza huyo wao watahama, na kweli wakahama. Mimi nilipewa kipindi cha akina mama cha Alhamisi. Somo la kwanza waliloniomba ni lile lile: kanisa litakuwa wapi siku hiyo?

Nilijiandaa kwa siku nyingi. Nilisoma Maandiko mbele na nyuma. Kila nilipopata mstari wa upande mmoja, nilikumbuka wa upande mwingine. Alhamisi ikafika nikasimama mbele yao na nikasema ukweli, kwamba walimu wangu wawili wanapingana, kwamba nawaheshimu wote, na kwamba sijui. Mama mmoja mzee akauliza kama sijui, kwa nini basi nimesimama mbele. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa swali lilikuwa zuri. Mwingine akasema kwake ni afadhali kunyakuliwa, kwa sababu miguu yake imechoka. Mwingine akasema akinyakuliwa yeye na mwanawe aliyepotea tangu Uvira akabaki, hataki. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Tuliendelea kubishana mpaka saa ya kuwasha moto ikatutawanya.

Dada yangu bado anaishi kwangu. Ameanza tena kuuza kaunjika, sasa katika soko la kambini, faida kidogo. Jioni kabla ya kulala tunaomba pamoja kwa zamu. Yeye anamwomba Mungu atupe nguvu za kuvumilia yanayokuja. Mimi namwomba atuondoe kabla hayajaja. Akimaliza yeye, naitika Amina. Nikimaliza mimi, anaitika Amina. Kisha anaipuliza taa, na mara nyingi tunabaki macho, kila mtu upande wake wa kitanda, tukisikiliza watoto wakipumua.