Gauni la Lesi

Robota la mitumba linapokatwa kamba, ile harufu ya dawa ya nondo hunirudisha kwenye gauni la mama. Lilikuwa la rangi ya waridi, laini, linateleza mkononi, na lesi kifuani. Alilinunua mnadani Omurushaka, akalifua, akaliweka liwe la kwendea kanisani.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kututembelea kutoka Bukoba. Jumapili alipomwona mama amelivaa, alijishika mdomo.

"Wifi, hiyo ni nguo ya kulalia. Vua!"

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Kwetu watu walilala na vitenge vilivyochakaa.

"Lesi yote hii, ionwe na nani gizani?" akauliza. Kisha akaninong'oneza, "Analitaka huyo. Usimwache peke yake na sanduku langu."

Tukaenda kanisani, mama mbele na gauni lake, shangazi nyuma amejifunika khanga mpaka puani. Njia nzima sikubandua macho kwa shangazi. Kila alipomsogelea mama, nami nilisogea.

Kesho yake asubuhi shangazi alitoka chumbani, akaja jikoni kuota moto. Kitenge kikamteleza begani. Ndani alikuwa na gauni lake mwenyewe, lenye lesi kama ile ya mama.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Alilitazama lile gauni, akamtazama mwenyewe, halafu akaendelea kumenya.

"Wifi," akasema taratibu, "kumbe wewe unalala na nguo ya kanisani."